Nimealikwa kula Pasaka kwa Waitaliano hapa Perugia. Nisemeje mezani?

BintiTanga aliandika:

Salaam wapendwa, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mwanafunzi wa kilimo, naishi Perugia, mkoa wa Umbria, katikati ya Italia. Mama mwenye nyumba ninayopanga amenialika kwake Jumapili ya Pasaka, tarehe 5 Aprili. Mwaliko wenyewe si wa chakula cha mchana, ni wa colazione di Pasqua, yaani kifungua kinywa cha Pasaka, na ameniambia ukoo mzima utakuwepo: mama yake mzazi, watoto, wakwe, wajukuu. Ni mtu mwema sana kwangu. Ramadhani yote alikuwa akinisikia naamka usiku kula daku, hakulalamika hata mara moja, na siku ya Idi aligonga mlango akaniletea sahani ya machungwa. Na mimi nataka niende kwake kwa heshima, nizungumze na watu wake, nisikae kimya mwanzo mpaka mwisho.

Kiitaliano changu ni cha darasani. Najua kuuliza treni inaondoka saa ngapi, najua kusoma barua ya benki. Maneno ya sikukuu sina, na ya mezani ninayo machache mno. Naomba mnisaidie haya:

Nikifika nasalimiaje, na mimi Mwislamu nawatakia heri kwa maneno gani? Nguruwe na mvinyo vitakuwepo bila shaka, sasa nakataaje bila kumuumiza mwenyeji? Halafu kuna misemo ya Pasaka naisikia kila siku, kama "contento come una Pasqua", siielewi vizuri.

Na jambo moja limenitatiza zaidi. Alipoondoka aliniambia, "Vieni a digiuno, mi raccomando!" Digiuno si ndiyo kufunga? Natakiwa kufunga siku hiyo?

MamaKoku alijibu:

Marahaba mwanangu. Mimi ni mtu wa Bukoba, niko Umbria hii hii miaka mingi, namtunza bibi mmoja mzee nyumbani kwake. Swali lako limenifurahisha kwa sababu wengi huja hapa na kitabu cha sarufi kichwani, lakini mezani hawana la kusema, na kwa Waitaliano urafiki hujengwa mezani.

Nianze na digiuno ili ulale vizuri. Ndiyo, il digiuno ni mfungo. Lakini "a digiuno" maana yake tumbo tupu, kama unavyoambiwa kabla ya kupimwa damu. Anakuambia usile chochote nyumbani kwako, kwa sababu atakulisha. "Mi raccomando" ni ya kukazia, kama sisi tunavyosema "tafadhali sana, usisahau". Na mtii, mwanangu. Hicho wanachokiita kifungua kinywa huku Umbria ni karamu ya asubuhi.

Sasa nikupeleke mezani kwenyewe. Katikati utakuta la torta di Pasqua, wengine huiita torta al formaggio. Usidanganyike na neno torta ukadhani ni keki tamu. Ni mkate wa chumvi, mrefu, umeumuka sana, una mayai mengi na jibini ya pecorino na parmigiano. Bibi yangu hunisimulia kwamba zamani wanawake waliziandaa siku za mwisho za Juma Kuu, wakazipeleka kwenye tanuri la kijiji, na harufu ikajaa nyumba nzima lakini hakuna ruhusa ya kuonja mpaka Jumapili asubuhi. Pembeni ya torta kuna le uova sode, mayai ya kuchemsha, na mara nyingi ni uova benedette, yamebarikiwa kanisani Jumamosi. Hayo huliwa kwanza. Kumbuka umbo lake: yai moja ni l'uovo, yakiwa mengi ni le uova. Watoto, na wakubwa pia, watacheza la scoccetta, wanagonganisha mayai mawili, ambalo halikuvunjika limeshinda na mwenye nalo anachukua la mwenzake. Wakikuita kucheza, cheza! Hapo huhitaji Kiitaliano.

Kisha vya nguruwe: il capocollo, il salame, na kadhalika. Hivyo utavitambua kwa macho. Ninachotaka ukiangalie ni kile kisichoonekana. Torta ya jibini watu wengi huipika kwa lo strutto, mafuta ya nguruwe. Wengine hutumia mafuta ya zeituni au siagi, kwa hiyo lazima uulize: "Signora, c'è lo strutto nella torta?" Na kuna keki tamu ya Perugia iitwayo la ciaramicola, nyekundu ndani, juu imepakwa ute wa yai uliopigwa na sukari ukawa mweupe, imenyunyiziwa vipunje vya rangi. Zamani msichana alimpelekea mchumba wake siku ya Pasaka. Wekundu ule unatoka kwenye l'alchermes, nayo ni pombe tamu yenye rangi. Strutto pia huwamo mara nyingi. Nakuambia haya kwa sababu mwenyeji wako anaweza kukupa ciaramicola kwa moyo safi kabisa akidhani keki haina tatizo.

Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa ni huu: usisubiri mezani. Mwambie mapema, siku kadhaa kabla. Mama wa Kiitaliano akishapika kwa ajili yako halafu usile, anaumia kweli kweli. Ukimwambia mapema, anafurahi kukutafutia kitu, anaweza hata kukuokea torta yako ndogo kwa mafuta ya zeituni. Sema: "Sono musulmana, non mangio maiale e non bevo alcolici." Nyama ya kondoo nayo, l'agnello, kama hukuli isiyo ya halali: "Mangio solo carne halal, ma uova, verdure e formaggio vanno benissimo", nakula nyama ya halali tu, ila mayai, mboga na jibini vinafaa kabisa. Hapo "vanno benissimo" inabeba uzito mkubwa. Usiishie kwenye usichokula, taja unachokula, wamama hapa hutaka kusikia hicho.

Mezani sasa. Watakusukumia sahani, "Mangia, mangia!", "Ne prendi ancora?", unaongeza? Ukitaka: "Sì, volentieri." Ukishiba: "Basta così, grazie, era tutto buonissimo." Au "Sono a posto così", nimetosheka. Mvinyo ukija: "Per me niente vino, grazie, prendo l'acqua." Sema kwa tabasamu, usitoe maelezo marefu, watu wanaelewa. Glasi zikiinuliwa inua yako ya maji, sema "Auguri!" pamoja nao. Mkianza kula utasikia "Buon appetito!", unajibu "Grazie, altrettanto", yaani na wewe pia. Neno hilo altrettanto lishike sana, litakusaidia siku nzima: mtu akikuambia Buona Pasqua, altrettanto, akikutakia siku njema, altrettanto.

Mlangoni usiingie kimya. Hata kama mlango uko wazi na mwenyewe amesimama pale anakuita, unasema "Permesso?" unapovuka kizingiti. Ni hodi yao. Wao watajibu "Avanti!" au "Vieni, accomodati!" Beba kitu mkononi, colomba ya dukani inatosha, ile keki yenye umbo la njiwa, juu ina lozi na sukari. Ukiikabidhi sema "Ho portato un pensierino", nimeleta kazawadi kadogo. Atasema "Ma non dovevi!", hukupaswa. Hakukatazi, ndiyo adabu yao ya kupokea, nawe ujibu "È solo un pensiero."

La mwisho kwa leo, maana bibi ananiita. Yeye anakuambia "vieni", anakuita "tu", ile "wewe" ya kawaida, kwa sababu wewe ni mdogo kwake. Wewe mwite "Lei", "wewe" ya heshima. Na yule mama yake mzazi, huyo ndiyo Lei bila mjadala, ni shikamoo yao hiyo. Mpaka mwenyewe aseme "Dammi del tu", yaani niite "tu", usishuke.

KakaMalindi alijibu:

Dadangu, MamaKoku amekupa yote ya maana, mimi naongeza machache ya matamshi. Nimezaliwa Malindi, na Malindi Waitaliano tumewazoea tangu wazee wetu walipowaona wakija na kituo cha kurusha setilaiti kule Ngomeni miaka ya 1960. Nilijifunza lugha yao ufuoni nikitembeza wageni, kabla sijakanyaga Italia.

Mswahili ana bahati na Kiitaliano. Irabu zetu ziko karibu sana na zao. Gn yao ni ny yetu: agnello ni anyelo, lakini ile l ya mwisho uikaze. Ch yao ni k: chiesa, kanisa, soma kyeza. C ikifuatwa na e au i ndiyo ch yetu: cena soma chena, dolce soma dolche. Sc mbele ya e au i ni sh, pesce ni peshe.

Panapotushinda ni konsonanti mbili. Sisi hatuna mazoea nazo, tunazipita mbio. Nonna ni bibi, nona ni "ya tisa". Sette ni saba, sete ni kiu. Siku hiyo utamwita nonna mara nyingi, basi ikalie hiyo n: non-na. Penye mkazo pia tuna tabia ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho kila mahali, na kwa Pasqua inakubali, kwa colomba inakubali, lakini sabato mkazo uko mwanzoni, SA-bato, domenica ni do-ME-nica, na lunedì, giovedì, venerdì mkazo uko mwisho kabisa, ndiyo sababu ya ile alama juu ya i.

Kuhusu kuwatakia heri. Mimi pia ni Mwislamu, na kila mtu ana dhamiri yake. Mimi husema "Auguri a tutta la famiglia!", heri kwa familia yote, au "Buone feste!", heri ya sikukuu. Zote mbili ni maneno kamili, hakuna atakayeona umepunguza kitu. Na wengi wa ndugu zetu husema Buona Pasqua bila tatizo, kama jirani Mkristo anavyotuambia Idi Mubarak. Chagua linalokaa vizuri moyoni mwako.

Onyo dogo: ukiwa umejifunza Kiitaliano chochote kwa watalii wa pwani, "ciao bella" na "dai" viache mlangoni mbele ya wazee. Buongiorno ndiyo salamu.

FrateriRoma alijibu:

Tumsifu Yesu Kristo kwa walio wetu, na amani kwako dada BintiTanga. Nasoma Roma, nitakupa majina ya siku zenyewe kwa sababu yatatajwa mezani na utataka kuyafuatilia.

Kwaresima ni la Quaresima, inaanza mercoledì delle Ceneri, Jumatano ya Majivu. Jumapili ya Matawi ni domenica delle Palme, na hapa badala ya makuti utaona watu wamebeba matawi madogo ya mzeituni, ramoscelli d'ulivo. Kisha giovedì Santo, Alhamisi Kuu, na la lavanda dei piedi, kuoshwa miguu. Baada ya wimbo wa Gloria kwenye misa ya Alhamisi kengele za kanisa hunyamaza mpaka mkesha wa Jumamosi. Wanasema "si legano le campane", kengele zinafungwa kamba. Ukiona Perugia iko kimya siku hizo, ndiyo sababu. Venerdì Santo ni Ijumaa Kuu, pamoja na la Via Crucis, Njia ya Msalaba. Jambo linalowashangaza wageni kutoka kwetu: Ijumaa Kuu si sikukuu ya serikali Italia. Maduka na ofisi viko wazi. Sikukuu ni Jumapili yenyewe na Jumatatu inayofuata, lunedì dell'Angelo, ambayo kila mtu huiita Pasquetta.

Ukisikia "quest'anno la Pasqua è bassa" au "alta", wanazungumzia tarehe. Pasaka inaweza kuangukia popote kati ya 22 Machi na 25 Aprili, kufuatana na mwezi mpevu. Ya mapema ni bassa, ya kuchelewa ni alta. Kwa mtu wa kilimo hilo ni neno la kulijua, wakulima wazee hulitaja wanapozungumzia baridi na mashamba.

Misemo. "Contento come una Pasqua" ni mwenye furaha iliyojaa, na wewe kwa kuwa mwanamke utasema "sono contenta come una Pasqua". "Lungo come la Quaresima" ni kitu kirefu kisichoisha, au mtu anayechelewa kila jambo. "Natale con i tuoi, Pasqua con chi vuoi": Krismasi kaa na wazazi, Pasaka kaa na umpendaye. Msemo huu mtu fulani atausema mezani siku hiyo, nina uhakika, hasa akikuona wewe. Tabasamu na useme "E io sono con voi!", nami niko nanyi. Mayai nayo yana misemo yake ya kila siku. "Cercare il pelo nell'uovo", kutafuta unywele ndani ya yai, ni kutafuta kasoro pasipo na kasoro. "Rompere le uova nel paniere" ni kumharibia mtu mipango yake. "Meglio un uovo oggi che una gallina domani", na hapo sisi tunayo yetu: moja shika, si kumi nenda uje.

Na "lavarsene le mani", kujitoa kwenye jambo kama Pilato alivyonawa mikono. Hiyo utaisikia mpaka kwenye taarifa za habari.

BintiTanga aliandika:

Jamani, Mungu awalipe kheri. Ciaramicola nimekwenda kuiangalia kwenye duka la mikate hapa chini na kweli ni nyekundu vilevile, nisingejua kamwe. Nimeuliza strutto, muuzaji akajibu "eh sì, certo!" bila kusita.

Maswali mawili ya mwisho. Signora wiki hii ameshusha mapazia yote, anaosha madirisha, anasema "sono le pulizie di Pasqua". Nijitolee kumsaidia au nitamkosea? Na nimeandika ujumbe wa kumtumia, MamaKoku naomba uupitie:

"Buongiorno signora, ti ringrazio tanto per l'invito. Vengo molto volentieri. Volevo dirti che sono musulmana e non mangio maiale e non bevo alcolici. Per me uova, verdure e formaggio vanno benissimo. Porto io qualcosa?"

MamaKoku alijibu:

Mwanangu, msaidie! Le pulizie di Pasqua ni usafi mkubwa wa mwaka, nyumba inageuzwa juu chini. Asili yake wanasema nyumba lazima ing'ae kabla padri hajapita kubariki, la benedizione delle case, na hata wasiokwenda kanisani bado wanaosha. Mimi mwenyewe wiki hii nimo kwenye ngazi na vioo. Muulize "Signora, Le do una mano?" Atakataa mara ya kwanza, "No, no, figurati!" Rudia mara moja, "Ma volentieri!" Akikataa tena, acha. Akikubali, hapo utajifunza maneno ambayo darasani hawafundishi: la scala ni ngazi, il secchio ndoo, lo straccio tambara, le tende mapazia.

Ujumbe wako ni mzuri na umekaa kwa adabu. Nimebadilisha ile "tu" iwe "Lei", na nimeongeza strutto na pombe ya kwenye keki, maana "non bevo" peke yake itamfanya afikirie glasi tu. Saa nayo muulize, kwa sababu Jumapili hiyo mabasi yanakwenda kwa orario festivo, ratiba ya sikukuu, ni machache, na kifungua kinywa hiki huanza mapema kwa wengine na saa nne kwa wengine, wanaotoka misa kwanza.

"Buongiorno signora, La ringrazio tanto dell'invito. Vengo molto volentieri. Volevo dirLe che sono musulmana: non mangio maiale, né cose fatte con lo strutto o con il liquore, e non bevo alcolici. Per me uova, verdure e formaggio vanno benissimo. A che ora devo venire? Posso portare qualcosa?"

Mtumie leo, kabla hajaanza kukanda unga.